Chumba cha Kamera

"Shemeji! Toka humo!"

Ukungu mweupe ulitambaa sakafuni, na ndani yake kilionekana kiatu, kisha goti. Feni ya kutoa hewa ilikuwa imekufa. Mtungi ulimwaga nitrojeni iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, na kila tone lililogeuka hewa liliifukuza ile wanayovuta watu.

Barafu, ndivyo walivyomwita kazini, alitia mguu ndani. Kichwa kikazunguka. Akarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Alijua: anayemfuata aliyeanguka humo humwangukia juu.

Yeye ndiye aliyemtafutia mume wa dada yake kazi hii, kupoza kamera ya darubini kubwa kilimani. Watafiti walizichungulia nyota changa, zingali zimefunikwa gubigubi kwa vumbi. Macho hayazioni, ila joto la gesi inayozizunguka, na ile zinazoitema, hupenya vumbi hilo. Kamera isipopozwa kila alasiri, joto lake yenyewe hulimeza lile la mbali. "Basi tunalinda jokofu lisilo na hata samaki," shemeji alicheka siku ya kwanza.

Barafu aliifungua milango yote, akapiga kelele. Mlinzi akaja mbio na mti mrefu wenye ndoano. Walimnasa shemeji kwenye mkanda, wakamvuta hadi nje kwenye jua. Barafu alimkandamiza kifua mpaka mikono yake ikafa ganzi. Midomo ya shemeji ilibaki ya buluu.

Gari lilipochukua maiti, mtafiti mkuu alikuja, macho mekundu.

"Najua si wakati wake," alisema. "Lakini kamera inapata joto. Ile nyota tumeifuatilia miaka."

Barafu alimtazama kama mtu asiyeelewa lugha. Kisha akavaa glavu, akaacha milango wazi, akaijaza kamera nitrojeni. Hakujua mikono yake ingefanya nini kingine.

Nyumbani jioni ile, dada yake alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Habari ilikuwa imemtangulia Barafu.

"Pole, dada."

"Alikuita, kaka?"

"Hakuita. Ile hewa haimpi mtu nafasi ya kuita."

"Wewe ulikuwa wapi?"

Angeweza kusema alikuwa mbali.

"Mlangoni."

"Ukimwona?"

"Nikimwona kiatu. Nilitia mguu, nikarudi."

Majirani waliokuwa wakinong'ona waligeuka kumtazama. Dada alimkazia macho muda mrefu, kama anayetafuta ndani yake mtu anayemfahamu.

"Ukarudi," alisema.

"Nikarudi."

Aliinuka, akashika kiuno. Barafu alidhani anakuja kumpiga, akainamisha kichwa apigwe. Lakini dada alimpita, akaenda dirishani, akasukuma mbao. Akafungua la pili. Akaingia chumbani, na huko pia zikasikika komeo zikivutwa, moja baada ya nyingine, huku upepo ukiyainua mapazia na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba nje kulikuwa na baridi.