Dubu wa Ukutani

Asubuhi ya Juni kumi na nne, kahawa ya kaka yangu Lorne ilipoa mezani. Kikombe kile sijakiosha hadi leo.

Tunachimba dhahabu kwenye kijito kilicho karibu na mji wa Dawson, kaskazini mwa Kanada. Kwa maji ya mpira yenye nguvu tunaupiga ukuta wa udongo ulioganda kwa baridi, na kabla ya dhahabu hutoka mifupa ya wanyama waliokwisha duniani. Lorne aliipenda kuliko dhahabu. Mwaka juzi ulitoka mfupa wa paja wa dubu wa kale. Aliupima, kisha akamchora dubu mzima kwa chaki ukutani mwa banda, na kando yake akamchora dubu wa siku hizi. Yule wa kale, akiwa kwa miguu yote minne, alitazamana na Lorne macho kwa macho. Wa siku hizi alimfikia kiunoni.

"Huyu si dubu, ni mtoto wa mbwa," alimwambia Odell, dereva wetu wa tingatinga.

"Mwambie mwenyewe. Mimi nitasikilizia ndani ya gari."

Tulicheka. Kila mgeni alisimamishwa ukutani apimwe. Tulikaa na wanyama wakubwa wale wa kale hata walio hai wakawa wadogo machoni petu. Bunduki ya kujikinga na dubu, iliyotundikwa mlangoni mwa banda, niliihamishia garini mimi mwenyewe, kwa sababu ilinigonga bega kila nilipoingia.

Asubuhi ile dubu alitokea nyuma ya lundo la kokoto.

"Lorne! Dubu!" nilipiga kelele.

Aligeuka, akamtazama, akacheka. "Verna, hebu kaone haka! Wewe, rudi kwa mama yako!" Akamrushia bonge la udongo.

Sikuwahi kujua kwamba kitu kizito hivyo kinaweza kwenda kasi hivyo. Nilikimbilia gari. Nyuma yangu nilisikia bega la kaka yangu likivunjika kama tawi kavu. Aliniita mara mbili. Niliporudi na bunduki, hakuwa tena na taya la kuniitia. Dubu alikuwa amemkanyaga kifuani, anamng'ata na kumtikisa, na matope yote yalikuwa mekundu. Nilipiga risasi nne. Akamwangukia juu, na Odell akalazimika kumvuta kwa mnyororo.

Afisa wa wanyamapori alimpima dubu yule. "Jike. Mdogo hata kwa aina yake."

"Pima tena," nikamwambia.

Alipima tena. Kisha nilimwomba utepe wake wa kupimia, nikaenda nao bandani. Dubu mdogo wa chaki alimzidi yule jike kwa kiganja kizima.

Odell alileta ndoo na brashi. "Nifute, dada?"

"Acha."

Chaki bado ipo, kwa kuwa paa huikinga na mvua. Wageni bado wanaomba kupimwa, nami nawapima. Bunduki imerudi mlangoni. Hunigonga bega kila ninapoingia.