Njia ya Kushuka Ukupampa

Punda wa Nicasio Llamoca alipotoroka, sisi wa Cruzpata tulicheka. Tangu ahamie kwetu huku juu, mtu yule alikuwa hazungumzi na kiumbe ila punda huyo, na sasa hata punda kamchoka. Mwenyewe hakucheka. Alizunguka zizi, akainama kutazama nyayo, akaona zimeelekea ukingo wa korongo, pale inapoanzia njia ya Ukupampa.

Ukupampa iko chini kabisa, kando ya mto. Nicasio alioa huko, na mkewe, Felícitas, amezikwa huko. Mvua zilipoporomosha mlima na kuila njia, watu walipanda huku juu kufuata barabara na shule, nyumba hii leo, ile kesho, mpaka kule chini wakabaki wafu peke yao. Punda naye alizaliwa kule.

"Mwache," jirani yake Casimiro alimwambia. "Punda ana miguu minne na akili. Wewe una miwili, na hiyo akili sijui."

"Na akianguka?"

"Na ukianguka wewe, nani atakusikia?"

Nicasio alikuwa akifunga mahindi ya kukaanga na kipande cha jibini kwenye kitambaa. Alitia majani ya koka mfukoni, akajitupia kamba begani, akaondoka alfajiri, kabla upepo wa korongo haujaamka.

Njia ile huanza kwa upole, kama mtu anayetaka kukukopa. Unapita kwenye nyasi kavu, unaona vilele vyenye theluji ng'ambo, unajiona kijana. Kisha ardhi inakatika ghafla na njia inajibana kwenye ukuta wa mwamba, upana wake mguu mmoja na nusu. Mkono wa kulia jiwe, mkono wa kushoto hewa. Nicasio alishuka akiwa ameuelekea mwamba. Kadiri alivyoshuka ndivyo joto lilivyopanda, dungusi, mimea ya miiba, ikaanza kuonekana, mirefu kuliko yeye, na vumbi likamkaukia kooni. Kondori mmoja alipita chini yake. Ni jambo la ajabu kuutazama kutoka juu mgongo wa ndege anayeruka.

Jua lilipokuwa kali aligundua kwamba alikuwa akizungumza kwa sauti. "Taratibu mama, hapo pana utelezi," alikuwa akisema, na nyuma yake hapakuwa na punda. Akanyamaza. Ule ukimya uliofuata ulikuwa mzito kuliko ule wa kabla hajasema kitu, akajuta kuugundua.

Palipoporomoka hapakuwa na njia. Palikuwa na mteremko wa mawe madogo yaliyolala juu ya mengine, kila moja likingoja kisingizio. Alama za kwato zilionyesha punda alivyoshuka akiserereka. Nicasio alikaa chini, akatafuna koka mpaka ulimi ukafa ganzi, kisha akavuka kwa mikono na magoti, bila kutazama mto.

Alimkuta punda katika uwanja wa nyumba ya wakweze, anakula mabua mabichi ya mahindi. Alimkumbatia shingo. Hapo ndipo alipoona kwamba mabua yale yamekatwa kwa mundu, na punda hajui kushika mundu.

Jiwe likampiga mgongoni.

"Mwizi! Mwachilie punda wangu!"

Sauti ile aliijua. Mlangoni alisimama mama Asunta, mkwewe, mamake Felícitas, na jiwe jingine mkononi.

Nicasio alijifanyia ishara ya msalaba. Mama Asunta alikuwa amehamishiwa mjini Arequipa, kwa mwanawe Wilber. Kisha Wilber akatupigia simu akilia: mama katoka kwenda sokoni, hakurudi. Walimtafuta hospitalini na mochwari. Mwishowe tulichanga mishumaa tukamwombea misa.

"Mama, wewe si umekufa?"

"Nani kasema?"

"Tumekusomea misa."

"Ya kuimba, au ya kusoma tu?"

"Ya kusoma tu."

"Wachoyo," alisema mama Asunta, akatupa jiwe chini. "Ingia. Umekonda kama fito. Na huyo punda si wako tena, mwenyewe kaamua."

Alimpa supu ya viazi na mahindi. Nicasio alikula huku akimtazama kwa wizi. Mama mkwe alikuwa amekauka na kuwa mweusi kwa jua, viatu vyake vimefungwa kwa kamba.

"Ulipitaje pale palipoporomoka?"

"Kwa makalio. Mungu alinipa makubwa, na miaka yote sikujua ya nini."

Nicasio alicheka, kicheko kikatoka na kutu.

"Wilber alikukosea nini, mama?"

"Hakunikosea. Alinipa chumba, kitanda, televisheni. Asubuhi wote wanatoka, geti linafungwa, nabaki na yule bwana wa kusoma habari. Siku moja akasema habari za asubuhi, nikamwitikia. Nikamuuliza watoto hawajambo? Nikakaa namngoja ajibu." Alikwangua sufuria. "Nikasema, Asunta, ondoka hapa kabla hajakujibu."

"Na huku unaongea na nani?"

"Huku kuna watu ninaowajua," alisema, akaelekeza kidevu makaburini. "Wewe je, kule juu?"

"Na punda."

"Ndiyo maana katoroka."

Jioni walikwenda kaburini kwa Felícitas. Palikuwa pamefagiliwa, na maua ya dungusi yamewekwa kwenye kopo. Nicasio hakuwa amefika hapo tangu mazishi. Alitaka kusema neno. Alijua pia kwamba mama Asunta analingoja, maana ni wao wawili tu duniani waliokuwa bado wanaikumbuka sauti ya yule mwanamke akiita kuku. Walisimama hivyo mpaka jua likaondoka kwenye mwamba. Kisha mama Asunta akasema kuna baridi, wakarudi.

Kesho yake alimvalisha punda kamba. Walifika palipoporomoka, na punda akagoma. Nicasio akavuta, akabembeleza, akatukana. Punda aliweka kwato moja juu ya mawe, mawe yakaanza kutembea, yakachukua mengine, na kipande kizima cha mteremko kikaondoka mbele yao na kumwagika kimya. Kishindo kilikuja baadaye sana. Punda kushuka aliweza, kupanda hakuwezekani. Nicasio alimrudisha uwanjani.

"Nitamlisha," alisema mama Asunta. "Na nitamtukana kila siku, asipate upweke."

"Mama, twende wote. Kwangu kuna chumba. Sina televisheni."

Mama Asunta alimtupia punda mabua.

"Nilipanda njia hiyo mara moja kuwafuata walio hai," alisema. "Inatosha. Mwambie Wilber niko mzima. Lakini asije. Akija atalia, na akilia nitamfuata."

Nicasio alivuka peke yake. Katikati ya mteremko mguu wake ulizama, akaserereka mpaka tumbo lake likakwama kwenye jiwe kubwa. Alilala pale, uso kwenye vumbi, akisikia moyo wake ukigonga mwamba. Alipiga kelele. "Mama Asunta!" Korongo lilimrudishia jina lile vipande vipande, na hakuna aliyeitika. Baada ya muda mrefu alisogeza mkono, kisha goti. Alifika Cruzpata akiwa amechubuka kiganja chote, na hatukumuuliza kitu, kwa sababu tulizoea kutomuuliza.

Simu alimpigia Wilber palepale. Wilber alilia, akatukana, akalia tena, na hakusikiliza lile la asije. Alikuja kwa basi akiwa na viatu vya mjini na blanketi jipya. Nicasio alimshika mkono kwenye mwamba mpaka palipoporomoka. Hapo kijana akakaa chini, uso umempauka.

"Shemeji, siwezi."

"Najua."

"Mamaaa!" aliita, mara nyingi. Nyumba haionekani kutoka pale, ni mto tu. Mwishoni aliliacha blanketi mikononi mwa Nicasio, na jioni akapanda basi la kurudi.

Nicasio alilishusha, pamoja na chumvi na viberiti. Mama Asunta alilinusa blanketi.

"Linanukia sabuni ya mjini," alisema, akajifunika nalo papo hapo, ingawa jua lilikuwa linachoma. Kisha akatazama mawingu. "Panda sasa hivi."

"Naweza kukaa. Mpaka mvua ziishe."

"Mahindi niliyopanda ni ya mtu mmoja. Panda, mwanangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Alipanda.

Mvua zilianza wiki ile ile. Siku moja mchana tulisikia ngurumo ambayo haikutoka mbinguni. Mbwa wote wa Cruzpata walibweka. Mteremko wote ulikuwa umeshuka mtoni na sehemu ya ukuta wa mwamba pamoja nao. Njia ya Ukupampa haikuwapo tena.

Nicasio alikuwa akienda ukingoni kila ukungu ulipopasuka. Ukilala kifudifudi kwenye jiwe la mwisho unaweza kuona kona moja ya uwanja wa wakweze, ndogo kama ukucha. Kwa wiki nyingi hakuona kitu. Kisha, mvua zilipopungua, aliona doa jekundu juu ya jiwe. Kesho yake halikuwapo. Siku kadhaa baadaye likarudi, na la bluu kando yake. Mama Asunta alikuwa amefua.

Alikuja mbio kutuambia, mtu ambaye hajatusalimu mwaka mzima. Tulifurahi, tukasema Mungu mkubwa, tukarudi kwenye viazi vyetu. Ulikuwa msimu wa kuvuna. Casimiro alimwahidi kwamba Jumapili angekuja kumsaidia. Jumapili ikapita.

Sasa ukipita ukingoni asubuhi utausikia mtaimbo. Amejifunga kamba kiunoni, anauchonga mwamba, njia ya upana wa mguu mmoja na nusu, na kila akichoka hutulia kidogo, sikio limeelekea chini. Kisha unasikia tena chuma kikigonga jiwe.