Mfarishi wa Bi Mastura

Kila mwaka Bi Mastura wa Shella alishona mfarishi wa kujifunika, wa vipande vya leso, ukanadiwa kuichangia zahanati ya Matsangoni. Jirani yake Kaltuma alimcheka. Mwaka huo akanunua leso iliyoandikwa "VIRAKA SI NGUO", akawa anajipitishapitisha nayo mbele ya baraza ya Mastura. Mastura akaenda dukani, akanunua leso ile ile.

Siku ya mnada mfarishi ulipendeza hata Kaltuma uzalendo ukamshinda. Akapandisha bei mpaka wote wakanyamaza. Akakabidhiwa, akaugeuza. Bitana yake, upande wote wa nyuma, ilikuwa leso ile ile ya mafumbo!

Vigelegele vikapasua ukumbi.

"Kweli, shoga, si nguo," alisema Mastura. "Lakini jifunike."