Mwezi Mbele, Tarehe Nyuma

Simu ililia Twaiba akiwa ndiyo kwanza ameketi mezani. Kazi yake ilikuwa kuhudumia wateja wa tovuti ya safari, katika ofisi ndogo pale Diani.

"Binti, tuko mapokezi ya hoteli hapa Msambweni," ilisema sauti ya mzee. "Tunaambiwa hatumo orodhani."

"Shikamoo, baba. Nitafute jina gani?"

"Marahaba. Kibwana, wa Kikoneni. Niko na mama watoto. Wanetu wametupa siku mbili za mapumziko. Tangu tuoane hatujalala mahali pa kupikiwa."

Jina lilikuwemo kwenye kompyuta, ila kwa tarehe tisa Mei, mwaka ujao. Watoto walikuwa wameandika 5/9, yaani leo, tano Septemba. Tovuti ikaisoma kwa desturi ya kigeni, mwezi mbele, tarehe nyuma. Mzee Kibwana alikuwa mteja wa tatu kufikwa na mkasa huo.

"Baba, kosa ni letu, si lenu. Tafadhali kaeni, msiondoke."

Aliongea na hoteli hadi kikapatikana chumba upande wa bustani. Mzee alipomshukuru, Twaiba alisikia mkewe nyuma akiuliza chakula cha mchana ni saa ngapi.

Meneja wake, Cynthia, alipoelezwa hakutishika. "Watu hawasomi. Si risiti inaonyesha tarehe?"

Twaiba alimgeuzia kompyuta. "Hebu niwekee chumba, tarehe saba mwezi wa kumi."

Cynthia aliandika 7/10 haraka haraka, akabonyeza.

"Sasa isome risiti."

"Kumi Julai..." Alimrudishia kompyuta. "Mpigie fundi wetu, Kaingu."

"Nimeshampigia. Anangoja neno lako tu. Mwezi uandikwe kwa jina, na mteja aone tarehe yake kabla ya kuthibitisha."

"Aanze."

Kufikia alasiri tovuti ilikuwa imerekebishwa. Lakini Twaiba alijua wako wengine ambao tarehe zao zilikuwa zimeshageuzwa, nao hawana habari. Alichapisha orodha nzima ya wateja hao, akavuta simu, akaanza na jina la juu, Mwero wa Vanga.

"Yaani mnanipigia nyinyi," alishangaa Mwero baada ya kuelezwa kosa hilo, "kabla mimi sijalalamika?"

"Ndiyo, kaka. Niambie, ulikusudia kusafiri lini?"