Marufuku ya Chuchu

Neno hutoka kinywani limevaa nguo moja, likafika sikioni limevaa nyingine. Ndivyo ilivyomkuta mshonaji mmoja wa sare za shule, akiwa na kichanga chake cha kwanza mkononi.

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, mwembamba, mwenye usingizi kuliko mlinzi wa zamu. Akiwekwa ziwani alifyonza kidogo, kisha akalala na maziwa yakimtoka pembeni ya mdomo. Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani mshonaji alikuwa bafuni, kwa hiyo maagizo aliyapokea mama mkwe. Nesi aliyasema upesi upesi, maana kitanda kilikuwa kinasubiriwa: mama akamue maziwa, mtoto aongezewe kwa kikombe kidogo, na asipewe chuchu kabisa, atachanganyikiwa.

Mama mkwe alikuwa mtu wa kushika neno. Alilitangaza kabla hata ya kuvua viatu.

"Chuchu marufuku. Nesi kasema."

"Hata kidogo, Mama?"

"Sumu haionjwi kwa ulimi, mwanangu."

Kwa kikombe hakuwa na mpinzani. Alikichemsha kikombe cha kahawa, akamkalisha mjukuu wima mapajani, kitambaa chini ya kidevu. Aligusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, akakiinamisha hadi maziwa yafike pale mdomoni, basi. Hakumimina. Mtoto mwenyewe alitoa ulimi, akalamba, akapumzika, akalamba tena kama paka. Baba mtoto, mjazaji mafuta kwenye kituo cha petroli, alipojaribu alimimina. Mtoto akapaliwa, maziwa yakaishia shingoni.

"Hili si tangi la lori!" mama mkwe akamnyang'anya kikombe.

"Sasa nitajuaje kama ameshiba?"

"Atafumba mdomo. Wewe ndiye usiyejua kufumba wako."

Mshonaji alicheka, lakini kicheko hakikushuka tumboni. Bakuli alilokuwa akikamulia lilianza kwa kujaa; sasa kila akikamua, maziwa yalifunika kitako tu. Ziwa ni kisima, lisipotekwa hujiziba. Na mtoto kila alipopakatwa aligeuza kichwa huku na huku, mdomo wazi, akitafuta kwenye blauzi ya mama yake. Mama mkwe alimchukua taratibu.

"Usimtie tamaa."

Jioni alilikagua bakuli, akaguna. "Kesho tukitoka kliniki tupitie dukani, tununue maziwa ya kopo."

Mshonaji alijua kopo likiingia mlangoni, maziwa yake yatatokea dirishani. Aliingia chooni, akalia kidogo, akanawa uso, akatoka. Mama mkwe aliyaona macho yake, akatafuta la kumchangamsha.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Kisima changu hakina kamba wala ndoo, na anayeteka hana hata jino."

Mshonaji alilijua jibu. Halikutamkika.

"Umeshindwa? Nipe mji."

Akampa mji.

"Ziwa la mama!" akasema mama mkwe. Kisha akaanza kukunja nepi zilizokwisha kunjwa.

Kliniki walimkuta nesi yule yule. Alimweka mtoto kwenye mizani, akatikisa kichwa kwa kuridhika nusu.

"Ameongezeka, ila kidogo. Chupa hamjampa?"

Mama mkwe akajinyoosha. "Chuchu hajaiona, mwanangu. Hata kwa mbali."

"Hongera, Mama. Na ziwani ananyonya vizuri?"

Mshonaji akamtazama mama mkwe.

"Ziwani?" mama mkwe akauliza. "Si ulisema asipewe chuchu?"

"Chuchu ya chupa, Mama! Ile ya mpira!"

"Ya mpira ungesema ya mpira. Mimi na umri wangu nazijua mbili tu, na zote anazo huyu."

Nesi akaziba mdomo kwa kiganja. Haikujulikana kama ni kicheko au haya. "Basi kosa ni langu. Mweke kifuani sasa hivi, ngozi kwa ngozi. Kikombe hufuata ziwa, hakilitangulii."

Mshonaji hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alifungua vifungo, akamlaza mtoto kifuani. Mtoto alinusa. Akatoa ulimi, akalamba.

"Anadhani ni kikombe," mama mkwe akanong'ona.

"Mwacheni," akasema nesi.

Akalamba tena, akapumzika. Mshonaji alilibana ziwa, tone moja likatokeza. Mtoto akaachama kama anayepiga mwayo, mama yake akamvuta karibu, na mdomo ukaikamata chuchu. Kidevu kikaanza kwenda, kikasita, kikaenda. Wakasikia anameza. Alisinzia, akakunwa unyayo, akaendelea.

Ndipo ziwa la pili, ambalo hakuna aliyeligusa, likaanza kuvuja lenyewe, tone juu ya tone, likilowesha gauni. Mshonaji akaanza kucheka huku machozi yakimtoka. Mama mkwe alikuwa ameshachomoa kikombe kwenye mkoba, amekikinga chini ya ziwa hilo.

"Usicheke," akasema. "Utamwaga."