Nani Alipaswa Kumsahau Nawaf

Kwa miaka mitatu kiti cha kushoto kwa Lujain kilikuwa changu. Hakikuandikwa jina, lakini mtu mgeni akikikalia, Abu Sanad mwenye mkahawa alikuwa akimwondoa mwenyewe: "Inuka mwanangu, hapo pana mwenyewe. Kaa kule karibu na choo."

Kila Alhamisi alasiri tulikusanyika ghorofani kwake, mkabala na lango la chuo hapa Irbid, kaskazini mwa Jordan, vijana kumi hivi, tukaangalia sehemu mpya ya *Walinzi wa Mnara*. Ikiisha, Lujain anasimamisha simu yake kwenye kile kiegemeo cha miguu mitatu, anarusha mjadala wetu moja kwa moja. Watu elfu kumi na nne walikuwa wakitufuata, kuanzia Mosul mpaka Agadir. Yeye anauliza maswali ya maana, mimi natia chumvi, watu wanacheka. Kazi nzuri. Haina mshahara, ila ina Lujain sentimita arobaini kutoka kwenye bega langu.

Kisha akaja Ghaith.

Ghaith alilelewa Kuwait, akaja hapa kusomea uhandisi. Ananukia kama bwana harusi, hata Jumatatu saa mbili asubuhi. Anaongea polepole, kama mtu asiyewahi kukatizwa maishani mwake. Tena amejifunza Kijapani peke yake, chumbani, kwa kamusi, kwa hiyo katuni yetu anaielewa kutoka kwenye chanzo. Siku ya kwanza alileta sanduku la tende zilizojazwa lozi. Abu Sanad, ambaye hakuruhusu hata chupa ya maji itoke nje iingie kwake, alikula saba.

"Kijana ana adabu," akaniambia huku anajilamba kidole.

"Ami, mimi nakuja hapa miaka mitatu sasa."

"Na umeleta nini?"

Nilikuwa nimeleta njaa.

Wiki ya pili, Ghaith alikaa kulia kwa Lujain. Wiki ya tatu, Lujain alianza kugeuza shingo upande wa kulia. Nilihesabu. Mara kumi na tisa kulia, mara nne kushoto, na katika hizo nne, mbili alikuwa anatafuta sukari.

Sasa, hiyo katuni. Sisi wote tulikua nayo kwenye kituo cha watoto, ikiwa imetiwa sauti za Kiarabu, ikarudiwa na kurudiwa mpaka tukajua hata vikohozi vya wahusika. Kaka na dada, Nawaf na Shahla, wanalinda mnara wenye kuzuia bahari isimeze mji. Lujain aliitazama na kaka yake Hazim, mmoja kila upande wa mto wa kochi. Hazim sasa yuko Canada. Nawaf akitokea tu, Lujain husema, "Huyo hapo Hazim wangu."

Baada ya miaka ishirini katuni ikarudi, imechorwa upya na kutiwa Kiarabu kilekile, na ndani yake wakaleta kitu ambacho hakikuwepo zamani: Taa ya Jana. Ukiiwasha, siku moja inarudi nyuma. Lakini ina bei. Yule anayekupenda kuliko watu wote duniani anakusahau kabisa. Katika sehemu ya tano Shahla anakufa, Nawaf anawasha taa, siku inarudi, Shahla yuko hai, anamtazama Nawaf na kumuuliza, "Samahani, wewe ni nani?"

Ulimwengu wetu ukagawanyika. Wengine walilia. Wengine waliandika kwamba taa ni uvivu wa mtunzi, kwamba sasa hakuna kifo chenye uzito tena. Watu wa Algiers na watu wa Basra walitukaniana ukoo.

Katikati ya moto huo Lujain akatutangazia kwamba tamasha la wapenzi wa katuni huko Amman limemwalika. Jukwaani, mbele ya watu mia tatu.

"Nimepewa viti viwili," akasema. "Kimoja changu. Alhamisi hii Muayyad na Ghaith watabishana juu ya taa. Atakayewashawishi watu, ndiye nitakayekwenda naye."

Muayyad ni mimi. Usiku ule sikula, na mimi nikikosa kula mama huita daktari.

Alhamisi ikafika. Watu walijaa mpaka ngazini. Ghaith akaanza, kwa ile sauti yake ya mtu anayesoma habari za hali ya hewa. Taa ni kitu kizuri, alisema, kwa sababu inamnyima Nawaf kile hasa alichotaka kukiokoa. Anamrudisha Shahla, lakini Shahla wake hayupo. Watu wakaitikia kwa vichwa. Lujain akageuza shingo kulia.

Nikasimama. Nilitaka kila mtu aone nimesimama.

"Ndugu yangu Ghaith kaongea vizuri, tumpe maji," nikasema. "Mimi nina swali dogo tu. Baada ya taa kuwashwa, Nawaf anakwenda nyumbani. Nani anamfungulia mlango?"

"Mama yake!" wakajibu.

"Anamwambiaje?"

"Ingia mwanangu, supu inapoa!"

"Eeh! Anamkumbuka! Basi tuelezane, enyi mlionyonyeshwa. Taa inasema atakayesahau ni yule anayekupenda kuliko wote. Dada kasahau, mama anakumbuka. Yaani katika dunia hii ya Mungu kuna dada anayekupenda kuliko mama yako mzazi?"

Mkahawa ukalipuka. Mtu alipiga meza mpaka glasi ya chai ikaanguka. Abu Sanad akapaza sauti kutoka jikoni, "Wallahi kijana kasema! Mama!" na akatoa simu kumpigia mama yake hapohapo. Kwenye simu ya Lujain, maoni yalipanda mbio hata hayasomeki. Taa imevunjika, waliandika. Taa ni takataka.

Ghaith akafungua mdomo. Nilijiweka tayari.

Lakini Lujain alimtangulia. "Mimi naona inawezekana," akasema taratibu, hata hakuwa anatazama simu. "Hazim aliposafiri, mama alilia wiki moja, akarudi kupika. Mimi kile kipande cha kochi upande wake bado sikikalii. Dada anaweza."

Ghaith akamtazama. Akafunga mdomo.

"Sina la kuongeza," akasema. "Muayyad ameshinda."

Nilibebwa. Si mzaha, nilibebwa mabegani mpaka kwenye ngazi.

Ijumaa, baada ya swala, nilijifungia kujiandaa kwa Amman. Nilitaka ushahidi zaidi juu ya yule mama, nimfukie Ghaith asifukuke. Nikaitafuta katuni ya zamani kwa sauti zake za asili, yenye maandishi chini. Nikafika sehemu ya thelathini na moja. Hiyo kila mtu anaijua: Nawaf anampa Shahla ufunguo wa nyumba ya wazazi wao, halafu linatokea wingu. Wingu tupu, sekunde kumi nzima, huku Nawaf anaongea. Watu wameandika kurasa na kurasa kuhusu maana ya lile wingu.

Katika ile ya asili hakuna wingu. Nawaf anapiga goti. Si ufunguo, ni pete. Na Shahla ni binti wa mfinyanzi wa jirani.

Nikairudisha. Nikaitazama mara nne. Waliotutilia sauti walikuwa wameona mapenzi hayawafai watoto, wakawafanya hawa wawili ndugu, na pale pasipofichika wakabandika wingu. Wangewafanya binamu tu, Mungu awape heri, nusu ya mtaa wetu tumezaliwa hivyo! Lakini ndugu wa tumbo moja!

Taa haikuwa imevunjika. Aliyemsahau Nawaf ni mchumba wake, na kwenye katuni mapenzi ya mchumba hushinda hata ya mama. Mia tatu wa Amman wangenila mzima, tena bila mkate.

Nikampigia Ghaith. "Ulijua?"

"Tangu nina miaka kumi na tatu."

"Na ukaniacha nishinde?"

"Sikukuacha wewe ushinde. Ulimsikia Lujain alivyosema juu ya kaka yake? Ningesema nini mimi, mbele ya watu wote, hewani?"

Nilikata simu. Niseme kweli, kama angenitukana ningelala vizuri. Mimi nilikaa karibu na Lujain miaka mitatu, na sekunde ile nilikuwa natazama maoni kwenye simu. Yeye alikuwa anamtazama Lujain.

Kumficha Lujain nisingeweza. Amman kungekuwa na mtu wa kusimama na kumwambia kwa kicheko. Jumamosi mchana nikamkuta kwa Abu Sanad, nikamwonyesha ile pete. Aliitazama hadi mwisho bila kupepesa.

"Miaka kumi na tano," akasema, "namlilia kaka wa mtu ambaye si kaka wa mtu." Akacheka, kicheko kikakatika katikati. Akafuta jicho kwa ncha ya mtandio. "Hazim alijua?"

"Sijui."

"Ghaith alijua?"

Hapo ndipo ulimi wangu ulipopata majaribu makubwa kuliko mtihani wowote wa sekondari. Neno "hapana" lilikuwa limeshavaa viatu.

"Alijua," nikasema.

"Na siku ile akanyamaza." Hakuwa ananiuliza. Uso wake ukalainika, na ule ulaini haukuwa wangu. Ulinipita, ukaenda kumtafuta mtu ambaye hata hakuwemo chumbani. Nilitamani niumeze tena ukweli wangu.

"Amman hatuwezi kuzungumzia taa tu," akasema. "Lazima tuzungumzie wingu. Watu wajue. Na anayeijua ile lugha ni yeye."

"Nilishinda mimi, Lujain."

"Ulishinda. Na umekuja kuniambia, sitasahau. Lakini hoja yako imekufa, Muayyad. Ukakae pale useme nini?"

"Nitachekesha."

"Njoo ushike kamera," akasema. "Simwamini mtu mwingine na simu yangu."

Basi ndivyo nilivyofika Amman. Ukumbi ulijaa. Jukwaani viti viwili, Lujain, na Ghaith kushoto kwake, amevaa shati jeupe, ananukia hadi safu ya sita. Mimi chini, nyuma ya ile miguu mitatu. Wingu lilipoonyeshwa kwenye ukuta watu waliguna. Pete ilipofuata walipiga kelele kama goli limeingia. Ghaith akaeleza. Lujain akageuza shingo kushoto, akaiacha hukohuko.

Nikasogeza simu kidogo. Kidogo tu. Sikio la Ghaith likatoka kwenye picha. Nikasogeza tena, bega. Nikaendelea mpaka pakabaki goti lake na Lujain mzima, anautabasamia ukuta. Picha nzuri sana. Nilikuwa sijaridhika hivyo tangu mwezi uanze.

Maoni yakaanza kupanda. Wa kwanza kutoka Tripoli: *Kamera imeanguka?* Kutoka Aleppo: *Yuko wapi huyo kaka anayeongea?* Kutoka Agadir, dada mmoja na mioyo sita: *Tuonyesheni mwenye sauti!* Yakawa mia, yakawa mia tatu, na Lujain kule juu akashusha macho kuangalia skrini ndogo ya matangazo yetu iliyowekwa miguuni pake, akaona, kisha akaninyanyulia nyusi.

Nikaigeuza simu, nikamrudisha Ghaith katikati. Nikamweka sawasawa.