Jibu Bila Maelezo

Nyumbani kwetu jibu bila maelezo lilikuwa halihesabiwi. Ungeweza kupiga kelele "nimelipata!" mpaka majirani wakachungulia, baba angekutazama juu ya miwani na kusema neno moja tu: "Maelezo." Ukishindwa kueleza, kalamu haigusi karatasi, hata kama jibu lako ni sahihi kabisa. Kubahatisha yeye alikuita kuokota. "Umeokota hilo," angesema. "Rudisha ulikolitoa."

Baba alikuwa mtunzi wa chemshabongo ya ukurasa wa nyuma wa gazeti. Si ile ya kuuliza mji mkuu wa nchi fulani. Ya kwake kila kidokezo kilisema hili na kumaanisha lile. "Aibu ikirudi kinyumenyume, wawili wanafanya biashara. Herufi nne." Unalichukua neno aibu, unalisoma kutoka mwisho, unapata ubia. Nilikuwa bado mdogo wa darasa la pili nilipolifumbua hilo, nikalieleza mbele ya meza nzima, na kaka yangu akaninunia wiki nzima kwa wivu. Mpaka leo akilikumbuka hununa.

Kila kidokezo kipya baba alimjaribia mama kwanza. Mama alikuwa fundi cherehani, mashine yake imekaa dirishani, naye alijibu huku anashona, pini kazibana mdomoni, maneno yakipenya kwenye meno yaliyofumba. Mama akikosa, baba alikitupa kidokezo chenyewe. "Kama huyu hakukipata," alisema, "basi aliyekosea ni mimi." Sijamsikia akimwambia maneno matamu kuliko hayo, na sidhani kama mama alihitaji mengine.

Kisha kiharusi kikampiga. Kilimchukulia mkono wa kulia na majina ya vitu. Akili ilibaki, macho yalibaki, hata ubishi ulibaki, tena wote. Lakini akitaka kusema kijiko, neno kijiko linamkimbia. Basi akawa anazunguka. Siku ya kwanza aliyoweza kusema alininong'oneza: "Madirisha mawili... mwenye nyumba... pua." Nikampa miwani yake. "Jicho la ukuta... lifumbe." Nikafunga dirisha. "Anayebeba kichwa... kachoka." Nikaupigapiga mto mpaka ukafura.

Manesi walimwona amechanganyikiwa. Mmoja alinisimamisha mlangoni mwa wodi, sura ya huruma.

"Dada, pole. Mzee leo anaweweseka tu. Anamtafuta mtu aliyeyeyuka kwenye supu."

"Haweweseki," nikamjibu, kwa ukali asioustahili. "Hakuna aliyeyeyuka. Supu yenu haina chumvi."

Mimi nauza vitasa na bawaba. Kutwa nzima wananijia watu wasiojua jina la kitu wanachokitaka, wananichorea hewani kwa vidole, nami nageuka rafuni na kuwapa. Nilijiona nimeumbwa kwa ajili ya wodi ile. Nasema kweli, siku zile za mwanzo nilikuwa na raha fulani. Baba anatoa fumbo, mimi nafumbua, yeye anaitikia kwa kichwa. Ilikuwa kama meza yetu ya zamani imehamia hospitali.

Mama akafa baba akiwa bado kitandani pale. Moyo ulisimama, asubuhi, ameketi kwenye mashine yake. Tulimzika bila mumewe kujua kuwa ni mjane.

Jioni ya maziko kaka akaniweka kitako.

"Baba asiambiwe," akasema. "Daktari kasema asishtuliwe."

"Daktari yupi?"

"Daktari tu. Kwani wapo wangapi?"

"Wapo wengi, kaka. Huyo aliyesema hivyo ndiye ninayemtaka."

Kaka yangu ana kipaji cha kuigeuza hofu yake kuwa agizo la daktari. Lakini sikubishana naye zaidi, maana hata mimi niliogopa. Habari kama ile ingeweza kumletea kiharusi cha pili, na hicho kingemmaliza. Sikuwa na nguvu ya kuzika tena. Tukakubaliana: miguu ya mama imevimba, hawezi kupanda zile ngazi za hospitali, atakuja akipata nafuu. Kaka ndiye aliyempelekea uongo huo, akiutoa huku kaikodolea macho chupa ya dripu. Baba akaitikia. Tukadhani yamekwisha.

Nilipokwenda mimi nilichukua gazeti. Chemshabongo zake alizokuwa ameziwasilisha kabla ya kuugua zilikuwa bado zinatoka, na nilidhani zitamchangamsha. Nikamkalisha vizuri, nikamvalisha miwani, nikaanza kusoma. Mambo yalikwenda vizuri mpaka nikafika kidokezo kimoja cha pembeni. "Radhi ikivurugwa, utaikanyaga. Herufi tano."

Ningeweza kukijibu usingizini. Unazivuruga herufi za radhi, unazipanga upya, unapata ardhi, nayo ndiyo tunayoikanyaga. Jibu nililiona kabla sijamaliza kusoma. Lakini nililiona kiganjani mwangu, bichi, jeusi, siku nilipoinama na kulimwaga kaburini juu ya mama yangu.

"Hiki tukiruke," nikasema. "Kigumu."

Baba alinitazama tu, nami nikakunja gazeti nikaliweka miguuni pake, nikajitia kunyoosha shuka iliyokuwa imenyooka.

"Yule," akasema.

"Nani, baba?"

"Yule... meno yamefumba... na anaongea."

Nilijua. Nani asingejua?

"Nesi wa zamu?" nikauliza.

Akatikisa kichwa. Akavuta pumzi, akarahisisha, kama alivyokuwa akinirahisishia nilipokuwa mtoto na machozi yanakaribia.

"Dirishani. Mguu unakanyaga... kitambaa kinakimbia."

Hakuna kidokezo chepesi kuliko hicho alichowahi kunipa maishani. Nikatazama pembeni. Nikajikuta naitazama chupa ya dripu, kama kaka.

"Nimeshindwa, baba," nikasema.

Neno hilo hakuwahi kulisikia kinywani mwangu. Alinijua nikikosea, nikikasirika, nikirarua gazeti na kulitupa uvunguni. Kushindwa nilikuwa sijakubali hata mara moja, na yeye ndiye aliyenilea hivyo. Akafumba macho. Nilidhani kachoka, nikaanza kushukuru kimoyomoyo. Kisha akayafumbua, akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akaanza kukunja vidole kimoja kimoja, kama alivyokuwa akifanya mezani akitueleza.

"Kaka yako... anatazama chupa." Akakunja cha kwanza.

Akaelekeza kidevu kwenye gazeti. "Ile... tunayoikanyaga. Hukuisema." Cha pili.

"Na yule... wa dirishani." Akanikazia macho. "Wewe... humjui." Cha tatu.

Vidole vitatu vimekunjwa juu ya shuka. Maelezo yalikuwa kamili, hayana pengo hata moja. Jibu ndilo lililokosekana. Aliligeukia, nikaiona midomo yake inalitafuta. "Ame..." akasema. "Ame..." Halikuja. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama akitaka miwani, akitaka mto, akitaka dirisha lifungwe. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananiomba nimpe neno, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimpa.

Mengine yote nilimpa upesi. Hili nililishika. Nilitaka kumwambia ametutoka, nikataka kumwambia amepumzika, ametangulia. Lakini hayo nayo ni mafumbo, na baba hakuwa na nguvu ya kufumbua jingine. Kaka angeniua. Na kama kiharusi cha pili kilikuwa kinasubiri mlangoni, mimi ndiye ningekifungulia. Lakini mzee alikuwa amekwisha kufika peke yake, amesimama mbele ya jibu, na kumwacha pale bila neno ulikuwa ukatili nisiouweza.

"Amekufa, baba," nikasema. "Mama amekufa."

Kidole chake cha shahada kikaanza kugonga shuka, taratibu, pigo moja kwa kila herufi, kama alivyozoea kupima kama jibu linatosha kwenye visanduku vyake. A, M, E. Kilipofika herufi ya mwisho kikatulia. Lilitosha. Machozi yalimtoka jicho moja tu, la upande ule ambao uso wake ulikuwa bado unamtii.

Nikamshika mkono, nikasubiri kibaya kitokee. Hakikutokea. Alipumua, akapumua tena, akanigeukia.

"Maelezo," akasema.

Neno lilitoka zima, bila kuzunguka. Nikavuta kiti karibu, nikaanza kumweleza tangu asubuhi ile, mama alipoketi dirishani na pini zake mdomoni, chai yake bado inatoa moshi.